Ilibaki Kidogo

Kuna miji inayowapima watu wake kwa mali, na mingine kwa nasaba. Mji huu uliwapima kwa namna walivyoshindwa. Hapakuwa na mshindi hata mmoja katika kumbukumbu yake, lakini kushindwa kulikuwa na vyeo. Aliyeshindwa vibaya alitembea akiambaa ukuta, na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Aliyeshindwa kwa kiasi aliitikiwa salamu. Na yule aliyeshindwa kwa hatua moja, aliyekuwa na ushindi kiganjani ukamponyoka kama sabuni, huyo alipishwa njia na kuulizwa habari za nyumbani, na watu wakatikisa vichwa kwa huzuni tamu wakisema, "Ilibaki kidogo." Mize binti Kheri alikuwa ameambiwa hivyo mara nane.

Mambo yenyewe yalikwenda hivi. Katikati ya mji palikuwa na Jumba lisilo na madirisha, na ndani ya Jumba walikuwamo watu wa watu: mume wa fulani, mama wa fulani, kaka wa fulani. Mara moja kwa mwaka, jua likiwa utosini na kila kivuli kimejificha chini ya nyayo za mwenyewe, kila aliyekuwa na mtu wake mle ndani aliitwa uani. Aliketishwa mbele ya meza ya jiwe yenye ubao wa sataranji, na nyuma ya meza lilining'inia pazia zito lenye upenyo mmoja. Katika upenyo huo ulitoka mkono wenye glavu nyeupe. Ni hivyo tu, mkono. Watu waliuita Mkono na hawakuuliza zaidi, maana mji ule ulikuwa na adabu sana kwa kila kilichoutisha.

Masharti yalisomwa na Karani, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vyombo vilivyovunjika. Ukiushinda Mkono, mtu wako anatoka. Ukishindwa baada ya hatua ya ishirini, unapigiwa muhuri urudi mwakani, na mtu wako anabaki kwenye daftari la walio hai. Ukishindwa kabla ya hatua ya ishirini, jina la mtu wako linafutwa. Halina chakula, halina blanketi, halina mwakani. Ukitamka neno lolote uani, vivyo hivyo. Na juu ya lango ilichongwa methali ambayo kila mtoto wa mji aliijua kabla ya kujua jina la baba yake: Asiyekubali kushindwa si mshindani. Naijua methali hiyo, wala sina ugomvi nayo inapokaa kwa watu. Ikichongwa na anayekushinda, hapo ndipo ninapoanza kuiangalia mara mbili.

Mtu wa Mize mle ndani alikuwa kaka yake, Kombo. Kosa lake halikujulikana. Hata waliokuja kumchukua walimuuliza yeye, naye akasema hakumbuki, wakaandika hivyo hivyo. Kombo ndiye aliyemfundisha Mize sataranji walipokuwa wadogo, kwenye sakafu ya jikoni, miraba ikichorwa kwa mkaa na kete zikiwa mbegu za mabungo. "Cheza unavyotaka mkono," alimwambia, "akili itakuja yenyewe." Basi Mize alicheza unavyotaka mkono, na mkono wake ulitaka alivyotaka Kombo: askari wa mbele ya mfalme kwanza, kisha mfalme afichwe nyuma ya ngome mapema, kisha subira, subira, subira. Alipoketi kwenye ubao hata mabega yake yalilala upande kama ya kaka yake. Wazee waliokuja kutazama waliguswa mioyo. Walisema, huyu si Mize anayecheza, ni Kombo mwenyewe.

Mwaka wa nane alishindwa hatua ya arobaini na moja. Ilibaki kidogo. Akarudi nyumbani na kikaratasi chenye muhuri, akakiweka juu ya vile vingine saba, na usiku ule hakulia, bali alishikwa na hasira ambayo hakuijua ilikokuwa imelala miaka yote. Hakulikasirikia Jumba. Alilikasirikia neno lile. Kidogo ni nini? Umbali usiopungua kwa miaka minane ni mdogo kwa kipimo cha nani? Mtu akiwa na kiu, na mtungi uko shubiri moja kutoka kwenye vidole vyake, na kila mwaka ni shubiri ile ile, je, mtu huyo yuko karibu na maji? Au amefungwa kamba yenye urefu uliopimwa vizuri na fundi anayejua kazi yake?

Alikaa na maswali hayo miezi minane na ushei, kisha akaenda kwa Bi Shinuna.

Bi Shinuna alisuka mikeka nje ya mji, na alikaa nje ya mji kwa sababu zamani alishindwa hatua ya kumi na moja. Mtu wake alifutwa. Tangu hapo hakuna aliyekalia mkeka wake, ila wageni wasiojua. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kucha za rangi ya ukili wa mikeka uliochovywa, na Mize alipofika alimkuta anafumua mkeka uliokwisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa. Si hapo, hapo pana miiba." Hakuinua macho. "Ni wa Kheri wewe. Unashindwa vizuri, nasikia."

"Nimekuja kujifunza kushinda."

"Umekuja kujifunza kushinda bila kuharibika kwanza. Hicho sinacho. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwanangu, na wewe mgongo umekakamaa kwa sifa."

"Sifa gani, bibi, nami nashindwa kila mwaka?"

"Hizo hizo."

Bi Shinuna akavuta ukili mmoja, mkeka ukalegea wote.

"Mkono wako unajua sataranji," akasema. "Wewe hujui. Nikikuuliza kwa nini umesogeza askari yule, utaniambia ndivyo anavyosogezwa. Kuanzia leo hugusi kete mpaka useme sababu kwa mdomo wako. Na kila nitakachosogeza mimi, uniambie sababu yake pia. Mkono kutaka si sababu. Kombo kufundisha si sababu."

"Na nikikosa sababu?"

"Utasogeza vibaya, na utajua umesogeza vibaya. Leo unasogeza vizuri na hujui chochote."

"Itachukua muda gani?"

"Kuna shimo la kupita. Wengine hulivuka kwa miezi. Wengine nimewaacha humo."

"Mchezo ni baada ya siku mia moja, bibi."

"Jumba halikuniuliza lilipopanga siku," alisema Bi Shinuna, na kwa mara ya kwanza akamtazama, na Mize hakupenda alichokiona, kwa kuwa kilifanana na huruma.

Basi akaharibika. Sina neno la upole zaidi. Siku ya kumi alifungwa na Mbarouk, fundi saa, ambaye hakuwahi kumfunga maishani. Siku ya ishirini alifungwa na mpwa wa Mbarouk aliyejifunza mchezo juma lililopita. Siku ya thelathini alifungwa na muuza mkaa mmoja aliyeamini kwamba farasi hutembea moja kwa moja kwa kuwa farasi aliowaona yeye walitembea hivyo, na Mize, akiwa anatafuta sababu ya hatua yake mwenyewe, hakugundua mpaka mfalme wake alipokwisha kukanyagwa. Watu walicheka kwanza. Kisha wakaacha kucheka, wakaanza kuondoa vikombe vyao mezani anapokaribia.

Kwa nini askari huyu. Kwa sababu analinda. Analinda nini. Analinda aliye nyuma yake. Na aliye nyuma yake yupo kwa nini. Kwa sababu ndipo alipowekwa. Na nani. Nani aliyemweka. Kama sikumweka mimi, basi nimekaa miaka minane kwenye kiti hiki nikiwa nani? Mkono wangu, sema. Mkono, zamani ulikuwa unasema. Mkono haukusema. Uliwekwa juu ya ubao ukakaa pale, mzito, mgeni, na Mize akautazama kama mtu anavyotazama kiatu cha jirani kilichoachwa mlangoni mwake.

Na hili ndilo lililomuumiza kuliko vicheko: Kombo alikuwa anatoka. Si Jumbani, mkononi mwake. Kila hatua aliyoiuliza sababu ilimng'oa kaka yake kidogo. Mabega yake yalinyooka. Asubuhi moja alitafuta namna Kombo alivyokuwa akicheka, akakuta mahali pake peupe. Alimwendea Bi Shinuna akilia, akamwambia, "Ninamuua kwa mikono yangu," na Bi Shinuna akamjibu kwamba mtu hawezi kumwona aliyemo ndani yake, akamwambia apange kete. Siku nazo zililegea. Kulikuwa na Ijumaa mbili zilizofuatana. Kulikuwa na adhuhuri moja ambapo Mize alikuwa na umri wa miaka saba, sakafu ya jikoni ina baridi, na aliyeketi mbele yake alikuwa yeye mwenyewe, mtu mzima, anamwambia acheze unavyotaka mkono. Siku mia zikawa arobaini, zikawa tisa, bila kupitia katikati.

Zilipobaki tisa, Mbarouk alimwita dukani kwake. Mbarouk alikuwa na mke Jumbani, Nunuu, na vikaratasi kumi na viwili vya muhuri alivyovitundika ukutani ndani ya fremu. Saa zilizomzunguka zilionyesha kila moja wakati wake. Hakuzilinganisha, kwani wenyewe walitaka zibaki na saa iliyokuwapo watu wao walipochukuliwa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha zinatembea na hazifiki.

"Mize, dada yangu, kaa tuzungumze kiutu uzima," alisema. "Juzi umefungwa hatua ya kumi na nne. Nilihesabu."

"Najua, kaka Mbarouk. Nilikuwapo."

"Ukifungwa hivyo uani, Kombo hayupo tena. Umelifikiria hilo? Hayupo. Halafu utakaa kule na yule bibi mnafumua mikeka."

"Nalifikiria nikila na nikilala."

"Basi rudi ulivyokuwa. Siku tisa zinatosha kurudi. Ulikuwa unacheza vizuri sana, watu walikuwa wanalia." Aliegemea mbele, akapunguza sauti. "Mimi Nunuu wangu ananisubiri mwaka wa kumi na mbili. Nashindwa kwa hatua moja, mbili. Ni kitu kile, Mize. Si kushinda, lakini ni kitu."

"Umewahi kujiuliza kwa nini ni hatua moja, mbili, kila mwaka?"

Mbarouk alichukua kitambaa akafuta saa ambayo haikuwa na vumbi.

"Usiniulize maswali ya namna hiyo dukani kwangu," akasema taratibu. "Mimi nina mke kule ndani."

Mize aliondoka akiogopa. Alijaribu usiku huo kurudi, kweli alijaribu, msimlaumu. Alipanga ubao, akafumba macho, akaulegeza mkono. Haukwenda popote. Alikuwa ameuvuka mlango na mlango haukuwa na kitasa upande huu. Mchezo wa zamani ulikuwa umekufa na mpya ulikuwa haujazaliwa, na kati ya viwili hivyo alikuwa na siku tisa na kaka mmoja.

Siku ilifika. Jua likakaa utosini. Watu walijipanga ukuta hadi ukuta, na Mbarouk akiwa mstari wa mbele, uso umemkauka. Karani akasoma masharti. Pazia likatikisika, Mkono ukatoka, mweupe, ukakaa juu ya jiwe ukisubiri.

Mize alicheza vibaya kama ilivyotarajiwa. Alitafuta sababu ya kila kete, na nusu ya sababu zake zilikuwa za uongo, akagundua ni za uongo baada ya kuachia kidole. Hatua ya nane alipoteza ngome. Hatua ya kumi na moja mfalme wake alikuwa wazi, amesimama kama mtu aliyetoka kuoga akakuta wageni. Hatua ya kumi na mbili aliona kifo chake: malkia wa Mkono ashuke miraba mitatu tu, kwisha. Aliona na hakuweza kuzuia. Akawaza, Kombo, nisamehe. Nilitaka kukutoa, nimekufuta.

Mkono ulimshika malkia. Ukakaa naye muda mrefu. Kisha ukamsogeza kando, mraba mmoja, mahali pasipo na kazi.

Mize alidhani hakuona sawasawa. Hatua ya kumi na tatu kifo kilikuwa pale pale, na Mkono ukakikwepa tena, safari hii ukimrudisha farasi wake nyuma bila haya. Na hapo mazoea mapya ya Mize, yale machungu, yale yaliyomfungisha kwa muuza mkaa, yakauliza yenyewe swali lake. Kwa nini ameacha kuniua? Kwa sababu haijafika ishirini. Na Jumba linanufaika nini nikifika ishirini? Halinufaiki kitu. Jumba halijali. Basi yupo anayejali.

Akautazama ubao wote, si upande wake tu. Askari wa mbele ya mfalme, wa kwanza. Mfalme kafichwa mapema nyuma ya ngome. Subira. Aliujua mchezo ule kuliko alivyojua sauti yake, na kwa miaka minane hakuwahi kuuona ng'ambo ya meza kwa kuwa alikuwa akiishi ndani yake. Sasa alikuwa ametoka nje, akauona mzima, na mwenyewe akiwa ndani yake. Nyuma ya pazia alikuwapo Kombo.

Furaha ilimpanda Mize kwa nguvu hata meno yakagongana. Alifungua mdomo. Kidole kimoja cha ile glavu kiliinuka haraka, kikatikisika kulia na kushoto: usifanye. Akaufunga mdomo. Kweli, neno moja lingemfuta; kaka yake alikuwa na akili zake bado. Akainamia ubao, na kwa sababu Kombo alikuwa amekwisha kumsogeza malkia na farasi mbali ili asimuue dada yake, mfalme wa Kombo alikuwa amebaki peke yake na askari wawili. Haukuwa ushindi wa bingwa. Mtoto angeuona. Hatua sita.

Akasogeza farasi. Kidole kikainuka tena, kikatikisika, polepole zaidi. Nimekusikia, akawaza Mize, sitasema. Akasogeza ngome iliyobaki. Mkono ulianza kuhangaika, ukakimbilia huku na huku, ukitaka kumaliza mchezo lakini haijafika ishirini, ukitaka kujilinda lakini kete ziko mbali. Kombo alijua kucheza na mtu anayecheza kama yeye. Kucheza na mtu anayeharibika hakuwa amejifunza. Hatua ya kumi na tisa, mfalme wake hakuwa na mahali pa kwenda.

Hakuna aliyesema ilibaki kidogo. Hakuna aliyesema kitu, kwa kuwa mji ule haukuwa na neno la jambo lile. Mize aligeuka akamwona Mbarouk amejifunika uso kwa viganja vyote viwili.

Karani alisimama, akafungua mlango mdogo kando ya pazia. "Ingia," akasema.

"Kaka yangu yuko wapi?"

"Anatoka, kwa mlango wa nyuma. Jumba halivunji ahadi. Ingia, kiti hakikai kitupu."

"Sijakuelewa, bwana."

"Mshindi hukaa pa aliyeshindwa," alisema Karani, si kwa ukatili. Alikuwa amechoka tu. "Ndiyo maana watu wenu hawashindwi. Hawataki muingie humu."

Hapo Mize akaelewa miaka yake minane yote kwa pamoja. Hatua ya arobaini na moja, ya arobaini, ya thelathini na tisa: hazikuwa kamba ya Jumba. Zilikuwa kazi ya Kombo, aliyemshinda kila mwaka kwa kiasi kile kile kidogo, si zaidi asije akafutwa na kumwacha dada peke yake duniani, si pungufu asije akamwingiza. Na kidole kile kilikuwa kinamwambia usishinde.

Walimwingiza. Chumba kilikuwa kiti na upenyo. Glavu ilikuwa juu ya kiti, bado ina joto, ncha za vidole zimelowa jasho. Karani alimsomea masharti ya ndani, yale yale yaliyogeuzwa: akishindwa yeye anatoka, na aliyemshinda anaingia; kisha akafunga mlango. Mize alikaa gizani akicheza dhidi yake mwenyewe kichwani ili avuke lile shimo kabla ya siku kufika, na kila mara alishindwa pande zote mbili. Huenda ulipita mwaka. Huenda alisinzia mara moja.

Jua likasimama utosini. Katika upenyo aliona ubao, na ng'ambo ya ubao mikono miwili isiyo na glavu, iliyokonda, yenye mishipa. Aliisalimu moyoni. Akajisemea: atamtoa askari wa mbele ya mfalme, nami nitamshinda taratibu, hatua ya arobaini, tena mwakani, tena mwakani, mpaka mmoja wetu afe akiwa kwenye daftari.

Mkono wa Kombo ukaelea juu ya ubao. Ukasita kwa muda mrefu, na midomo asiyoiona Mize ikawa inajitajia sababu bila sauti. Kisha ukatoa farasi, ukamweka ukingoni kabisa mwa ubao, mahali ambapo kaka yake hangemweka hata usingizini. Ilikuwa hatua mbaya, ya mtu aliyeanza kujifunza upya.

Mize akavuta kiti mbele. Hakujua kama anao uwezo wa kumshinda.